Kidonda Kile Si Chako

Dama mwanangu,

Salamu nikuandikie za nini, nawe uko hapo uani, nakusikia ukipuliza makaa ya pasi? Jua bado liko juu. Baba yako amelala. Nimemgeuza ubavu wa kulia, uso ukutani, nami nina kama saa mbili kabla ya kumgeuza tena. Nimekaa kwenye kigoda karibu na miguu yake, na daftari langu la gumbaru, lile darasa la watu wazima, liko juu ya goti. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia. Mambo haya kwa Kigiriama nimejaribu kukuambia mara mbili kwa mdomo, na mara zote mbili nikaishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za kufua sare, wala kula kwa wakati, wala watu wa kuogopa huko bara. Hayo umeambiwa na kila aliyepita mlangoni wiki hii. Mimi nina jambo moja, na limenikaa kooni tangu Jumatano ya wiki iliyopita, ulipokuwa unanisaidia kusuuza shuka za baba yako.

Uliniambia hutaki kwenda. Ulisema umefikiria kuwaandikia watu wa chuo cha uuguzi uwaambie nafasi yako wampe mwingine. Nikakuuliza kwa nini, na wewe, bila kuinua macho kwenye beseni, ukasema: "Nikienda baba atapata kidonda tena, kama kile cha nyonga. Wakati ule sikumgeuza vizuri, mama. Nilikuwa nasinzia."

Nilijifanya sikusikia. Nilichukua ndoo nikaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba, nikasimama huko mpaka ukaniita. Ulikuwa na miaka tisa kidonda kile kilipotokea. Sasa una kumi na minane. Nusu ya maisha yako umekuwa ukijihesabia kosa ambalo ni langu, na mimi nilikuwa nakuona kila siku nisijue.

Basi nikueleze kwa utaratibu.

Baba yako alikuwa mkwezi, na hakuna aliyempita hapa kwetu. Alipobatizwa aliacha kugema tembo la mnazi, watu wakamcheka, akabaki kuwaangulia nazi wenye mashamba. Siku alipoanguka kutoka mnazini mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na vidato vya shina vilikuwa vinateleza. Alikaa hospitali ya Kilifi miezi mitatu. Walipomtoa, muuguzi mmoja alinishika mkono akaniambia mgongo hautapona, lakini ngozi naweza kuiokoa. Nimgeuze kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Nikamuuliza, nikichoka je? Akasema: "Ukichoka, mgeuze."

Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Tangu siku hiyo nikawa kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nafika kisimani, nafika kwenye mihogo ya karibu, kisha kamba inanivuta. Harusi zilipita, matanga yakapita, nikayasikia kwa mbali. Na watu wakanisifu. Kanisani wakasema, mtazameni mke wa Kahindi. Kila waliponisifu niliona mlango mwingine unafungwa, maana mtu aliyesifiwa hivyo atamwambia nani kwamba amechoka?

Mwaka mmoja baadaye kulikuwa na mkutano wa injili Malindi. Mhubiri alikuwa mgeni, na jina lake nimelisahau. Tulisikia vipofu wanaona. Nikaomba pikapu kwa mwenye duka, vijana wakampakia baba yako pamoja na kitanda chake cha kamba, nawe ukabaki na hawe yako, mama yake baba. Baba yako hakutaka kwenda. Alikubali kwa ajili yangu.

Mhubiri alimwekea mikono, akamwamuru asimame. Wanaume wawili wakamshika kwapani wakamwinua. Watu wakapiga vigelegele. Kisha wakamwachia. Dama, alianguka kifudifudi kwenye mchanga kama gunia, mbele ya watu wote wale. Yule mhubiri akasema katika nyumba ya mtu huyu yumo asiyeamini, akapita kwa mgonjwa mwingine.

Njiani nilimfuta mchanga mdomoni kwa kanga. Tulikuwa tumekaribia nyumbani. Ndipo akasema: "Usinibebe tena, Kadzo. Popote."

Tangu siku ile niliacha kuomba. Kanisani nilikwenda kila hawe yako alipoweza kukaa naye, na nikaimba, lakini ulikuwa mdomo tu. Nyumbani nikawa namchunguza baba yako nione kama ndiye asiyeamini. Kisha nikajichunguza mwenyewe. Kisha nikaanza kutamani afe. Neno hilo nimeliandika polepole usije ukadhani nimekosea herufi. Nilimgeuza, nikamlisha, nikamsafisha, na huku natamani afe.

Asubuhi moja nikawaambia nyinyi na majirani kwamba shangazi yangu wa Vitengeni amefariki, naenda kuzika, nitarudi baada ya siku mbili. Nilifunga kanga mbili na gauni moja. Ulinisindikiza mpaka kwenye mkorosho, ukarudi kwa sababu ya shule. Nami nikaenda upande mwingine kabisa. Nikavuka feri ya Kilifi, nikafika Mtwapa, kwa Mbodze, msichana niliyebatizwa naye siku moja. Alikuwa akipika katika baa, na jikoni palihitajika mtu.

Hakukuwa na msiba wowote, mwanangu. Nilikuwa nimekimbia.

Nikisema niliteseka huko nitakuwa nakudanganya. Nilikuwa na raha. Nilipanga chumba pamoja na Mbodze, mlango unafungua nje kwenye uchochoro, na hakuna aliyejua mimi ni mke wa nani. Nilioga bila kuharakisha. Nilikaa kibarazani nikala embe, nikalimaliza, nikala la pili, na hakuna aliyeniita. Siku tatu za kwanza nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba sirudi. Nilijiambia majirani watakuja kusaidia. Nilijua kwamba hawatakuja, kwa sababu wote walidhani niko matangani na nitarudi kesho.

Ila mikono yangu ilikuwa imezoea. Nakata vitunguu jikoni, mara mikono inasimama yenyewe, nikitazama saa ya ukutani, kumbe ni saa ya kumgeuza. Mbodze aliniuliza kama naumwa.

Chumba cha pili alikaa mama mmoja wa Mambrui, Bi Zuhura, mjane, aliyekuwa akiuza mahamri. Hakuwa mdadisi. Lakini alasiri moja, ametoka kuswali, alinikuta nimekaa juu ya gunia la makaa akasema: "Mwenzangu, siku ya tano hii sijakuona ukimwomba Mungu. Nyinyi Wakristo hamna sala?"

Nikamwambia Mungu wangu amenikasirikia.

"Amekwambia mwenyewe," akauliza, "au umeambiwa na watu?"

Hakungoja jibu. Aliingia ndani kukanda unga wake. Mimi nikabaki pale, nikaomba, na sala yenyewe ilikuwa mbaya. Nilimwambia Mungu: nimekuchoka, na mume wangu nimemchoka, imani sina kama alivyosema yule mtu, na hii ndiyo sala yangu. Nikangoja. Hakuna sauti iliyonijibu. Mtu alikuwa anapiga nguo kwenye bomba na redio ya jirani inaimba taarabu. Lakini nilikuwa nimesema kweli kwa mara ya kwanza tangu uwanja wa Malindi, na mbingu hazikuniangukia. Kesho yake nilisema tena, na keshokutwa tena.

Siku ya tisa nikarudi. Nisingependa ufikirie nilirudi kwa upendo mkubwa au kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu mtu akishaanza kusema kweli katika jambo moja, jambo la pili nalo linamjia, na la pili lilikuwa hili: hawe yako hana mikono ya kumgeuza mtu mzima, kwa hiyo anayemgeuza ni Dama.

Nilifika kama saa tisa alasiri. Hamkunisikia. Ulikuwa kitandani umeegemeza mgongo wako kwenye mgongo wake, miguu umeikaza ukutani, unasukuma kwa nguvu zako zote, na hawe yako ameshika magoti yake. Jasho linakutoka. Uliponiona ulitabasamu, ukasema umejifunza. Mimi harufu ya kidonda nilikuwa nimeipata tangu mlangoni.

Ulimgeuza mtu mzima siku tisa, na shule ulikwenda. Ulisinzia, ndiyo. Mtoto gani asingesinzia? Kidonda kile kwenye nyonga ya baba yako ni mimi niliyekifanya, nikiwa kibarazani Mtwapa nakula embe. Si wewe. Hata kidogo si wewe. Ukiweza, isome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea.

Baba yako alinitazama, akasema: "Pole kwa msiba."

Nami nikamjibu: "Nimeshapoa."

Kidonda kilichukua miezi saba kufunga. Tulikiosha pamoja, mimi na wewe, kwa maji ya chumvi. Nakumbuka nikikusikia unamwambia, "Baba, nisamehe," na nikadhani unasema hivyo kwa sababu chumvi inamuuma. Mara ngapi ulisema? Kila jioni, nadhani. Nami nilikuwa nimeshika beseni.

Jumapili ile nilisimama kanisani nikamshukuru Mungu kwa kunirudisha salama kutoka mazikoni. Wakaiombea familia ya marehemu. Shangazi yangu aliishi miaka mitano mingine bila nyinyi kujua, na kila nilipopata salamu zake nilikuwa nashtuka.

Ukaja mwaka ule wa njaa, tulipokula mahindi ya njano. Mjomba wako Charo alishuka kutoka Vitengeni kuona kama tuko hai. Tukiwa tunazungumza akasema, kwa kupita tu, kwamba tangu siku ile alipokuja akamkuta baba yako peke yake, mimi nimekwenda Malindi kumtafutia dawa, hakuwa amefika tena. Nikamuuliza ni siku gani hiyo. Akafafanua. Ilikuwa siku ya tatu tangu niondoke. Wewe ulikuwa shule na hawe yako yuko kisimani. Charo alikuja kutoka Vitengeni, ambako hakukuwa na kifo chochote, akamsalimia baba yako, na baba yako akatambua pale pale kwamba nimekimbia. Akamtungia Charo habari ya dawa ili asijue, naye Charo akaondoka kabla hamjarudi. Majirani akawaacha waamini msiba. Akanifichia aibu kwa watu wote, hali yeye mwenyewe nyama ya nyonga inamwoza.

Charo alipoondoka nilikwenda kukaa ukingoni mwa kitanda. Nikamwuliza mbona hakusema miaka yote hiyo.

Akasema: "Kadzo, mimi ningekuwa na miguu, ningekimbia kabla yako."

Nilicheka mpaka nikashuka chini sakafuni. Yeye naye akacheka, unajua kicheko chake cha kifuani. Kisha nikamwuliza kama hakukasirika. Akasema alikasirika sana. Siku ya tano alinilaani kwa jina langu na la ukoo wetu. Siku ya saba akaogopa laana isije ikanipata huko niliko, akaanza kumwomba Mungu aifute, na akaomba hivyo mpaka aliponiona mlangoni. "Sikuomba urudi," akasema. "Hilo sikuwa na haki nalo. Niliomba tu usidhurike."

Mwanangu, mimi nilikuwa nimeitafuta imani uwanjani kwa vipaza sauti. Kumbe ilikuwa nyumbani kwangu, imelala chali, inaniombea. Yule mhubiri alisema ndani ya nyumba hii yumo asiyeamini. Labda alisema kweli, na asiyeamini nilikuwa mimi. Lakini alikuwemo na mwingine, na mmoja alitutosha sote watatu.

Baada ya hapo ndipo nikajiunga na gumbaru, ile saa moja kila alasiri uliyokuwa ukinishikia zamu. Kitu cha kwanza nilichosoma mwenyewe, kwa kidole, ni zaburi ya mtu anayemlalamikia Mungu kwamba amemsahau. Nilishangaa. Nilidhani maneno ya namna hiyo ni yangu peke yangu na ya gunia la makaa. Kumbe watu waliyasema zamani, yakaandikwa, yakawekwa kwenye kitabu cha kanisa.

Lakini nina kosa la pili, na hili nalo lilikupata wewe. Niliporudi kutoka Mtwapa nilijifunga mwenyewe. Mama Sidi, jirani yetu, alinijia mara nyingi akitaka nimfundishe kumgeuza ili nipumzike, nikamkataa. Nilitaka niteseke vya kutosha. Nilidhani huo ndio wema, na Mungu hakuwa ameniomba. Kwa kuwa sikutaka wageni, aliyebaki kunisaidia ni wewe. Wenzako walipokwenda kucheza, sauti iliyokuita, "Dama, saa imefika," ilikuwa yangu. Nilikufunga kwa kamba ile ile niliyofungwa mimi, kisha nikawaambia watu una moyo wa huruma.

Unao kweli. Lakini huruma na hofu zikikaa pamoja miaka mingi mtu hazitofautishi tena. Nilikutazama Jumatano kwenye beseni na nikaona kwamba unataka kubaki kwa hofu; sasa unapiga pasi kwa sababu tumekuhimiza, ila hofu haijakutoka.

Jumapili, ulipokuwa Vitengeni kuwaaga wajomba zako, nilimgeuza baba yako nikaenda kanisani, nikasimama nikawaeleza. Nilianza na uongo wa msiba, nikaeleza Mtwapa, baa, kidonda, na miaka tisa ya mtoto wangu. Nilisema yote nikiwa nimeshika benchi. Nilipokaa hakuna aliyesema amina. Baada ya ibada mzee wa kanisa aliniambia kwa upole kwamba uongozi wangu wa akina mama wa kanisa niuweke kando kwa sasa. Wawili watatu hawanisalimii, utakuwa umeona, ukadhani ni ugomvi wa maji kisimani.

Jumatatu asubuhi Mama Sidi alibisha hodi. Hakutaja habari ya kanisani. Alivua kandambili, akakunja mikono ya gauni, akasema: "Haya, nionyeshe anashikwa wapi." Baba yako akamwambia ashike popote isipokuwa pochi yake. Mama Sidi amekuja kila siku tangu hapo, ulipokuwa umetoka, na leo asubuhi amemgeuza peke yake. Na binti yake mkubwa amesema atakuja Jumamosi.

Sijui itakuwaje mwaka ujao. Mama Sidi naye anazeeka. Shamba hili tunalokaa si letu kwa karatasi, na kila mara tunasikia maneno ya kuhamishwa. Mgongo wa baba yako hautapona, na mimi sitatoka katika chumba hiki isipokuwa mmoja wetu atangulie. Siku hizi siombi miguu. Naomba nisimchukie kesho. Na kesho ikifika, mara nyingi simchukii, na mara nyingine hata namcheka akinichekesha, na hilo nimekwisha kulipokea kama jibu. Ni matumaini madogo. Lakini nimeyashika mkononi, na yale makubwa ya uwanjani sikuwahi kuyashika.

Wewe huenda usiamini kwa namna yangu. Utakutana huko na wanaojua kuomba vizuri, na wasioomba kabisa. Siku ukiwa huna neno la kumwambia Mungu ila baya, mwambie hilo hilo. Nakuombea tu usimnyamazie kama nilivyomnyamazia mimi.

Baba yako nimemweleza kwamba nakuandikia yote. Amesema nikuambie kwamba hajawahi kusukumwa na mgongo mdogo wenye ukaidi kama ule wako wa siku zile tisa, na kwamba hakukusamehe ulipomwomba kwa sababu hakuona la kusamehe. Alidhani nawe unaona hivyo. Amesikitika sana, Dama. Ukiingia kumuaga leo jioni, kaa naye kidogo.

Kesho asubuhi Mama Sidi atakuja mapema akae naye, na mimi nitakusindikiza mpaka barabarani. Barua hii nitaiweka mkononi mwako basi likishasimama. Mungu aliyenivumilia nikiwa mbaya akutangulie ukiwa bado mzima. Ukikaa dirishani utaniona nimesimama peke yangu kando ya lami, na utataka kushuka.

Usishuke, mwanangu.

Mamako,
Kadzo